Watazamaji Hakuna

Magomeni, Dar es Salaam
12 Julai 1973

Kwa Bibi yangu Mwanamvua binti Mosi,

Shikamoo, Bibi. Shikamoo ya pili ni ya kiuno chako, maana nasikia bado kinakusumbua. Mimi ni mzima. Shangazi Mina, ninayekaa kwake, anakusalimu na kukukumbusha mafuta ya nazi uliyomwahidi tangu mwaka jana.

Habari za harusi ni njema. Mahari yote yameshafika kwa mama mkwe wangu, Mama Mwaija, na ameridhika. Mungu akipenda, mimi na Zaina tutafunga ndoa Mfungo Mosi, wiki ya pili baada ya Idi.

Sasa nina ombi, Bibi, usinicheke. Ofisini kwetu, Mipango, tunatengeneza ripoti. Mkuu wangu, Bwana Ferdinandi, anataka kujua ngoma na kazi za mikono zinaingiza nini katika uchumi wa jiji hili na pwani yake, kutoka hapa hadi kwenu. Kila chama kinajaza fomu. Wewe ndiye mkubwa wa chama cha Kata Kiu, na kwa ngoma za harusi hakuna wa kuwashinda, kwa hiyo fomu ya Bagamoyo nimekuletea wewe. Majibu yawe mafupi, neno moja au tarakimu. Naomba irudi kabla ya mwezi kwisha.

Maswali si yangu, Bibi. Mimi nimeyachapa tu.

Mjukuu wako,
Mrisho


Bagamoyo
29 Julai 1973

Kwa mume wangu Mrisho, anayeandika barua fupi kama mkia wa mbuzi,

Marahaba. Na kiuno nacho kimeitika marahaba. Mwambie Mina mafuta yapo, chupa ndiyo haipo, alete chupa.

Huku wote wazima. Paa la jikoni nimeezeka upya. Zaina nilimwona juzi kisimani, kanenepa kidogo, na hilo ni jema, maana weye mwembamba na nyumba haiwezi kuwa na fito mbili bila nguzo.

Kabla hujauliza nani kaniandikia, nakwambia hapa hapa: hii ni kazi ya mkono wangu. Nasoma kisomo cha watu wazima kwa Mwalimu Natalia kila alasiri, na kwenye jaribio nimekuwa wa tatu kati ya watu thelathini. Wa kwanza alistahili. Wa pili alichungulia kwangu.

Sasa hiyo karatasi yako. Ebo, Mrisho! Mmekula nini huko ofisini?

Mmeuliza: Wasanii wangapi? Neno hili sikulijua, Mwalimu Natalia kanieleza kuwa ni mafundi. Mafundi tunao wawili, Kitwana mpigaji na yule mzee anayewamba ngozi. Nimeandika 2.

Mmeuliza: Watazamaji wangapi? Nimelisoma mara mbili nikadhani macho yangu yana ukungu. Mtazamaji wa ngoma ndiye nani? Kwetu mtu akija uwanjani akasimama kando, mikono nyuma, amekodoa, basi huyo ni mwanga au ni askari kanzu. Ukija unaitikia, au unapiga makofi, au unashika upatu, au unamsukuma jirani yako kwa nyonga mpaka akuachie nafasi. Nimeandika: Hakuna.

Kiingilio shilingi ngapi? Uwanja hauna mlango, nitawaingizia wapi? Hakuna.

Mishahara? Hakuna.

Mapato ya chama? Hapo ndipo mliponiudhi. Miye niliyewacheza unyagoni wari wa mji huu, nikawatoa na mama zao kabla yao, leo naulizwa napata nini, kama muuza samaki? Mtu moyo wake ukifurahi akakubandika noti kwenye paji la uso, ile ni tunzo. Pato ni jambo jingine. Mcheza kwao hutunzwa, hakuna mahali wahenga waliposema huajiriwa. Nimeandika: Hakuna, nikaikoleza wino.

Mmetaka majibu mafupi, mmeyapata. Na herufi zangu zitazame vizuri, maana hutaona tena H nzuri kama zile.

Mke wako wa kwanza na wa kudumu,
Mwanamvua binti Mosi


Magomeni, Dar es Salaam
21 Agosti 1973

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi mno kuona mwandiko wako. Nimemwonyesha Shangazi Mina, akalia, kisha akatafuta chupa.

Kitanda cha harusi nimeagiza kwa fundi wa hapa Magomeni, cha mninga. Godoro nitanunua mwisho wa mwezi.

Fomu yako imefika salama na majibu yameshaingizwa kwenye jedwali. Bwana Ferdinandi alipenda jinsi yalivyo mafupi.

Huenda mtu wa vipimo akapita huko Bagamoyo siku hizi. Akipita usishangae, Bibi, ni kazi za kawaida za serikali.

Mvua imeonekana huko? Hapa bado.

Mjukuu wako,
Mrisho


Bagamoyo
24 Septemba 1973

Kwa Mrisho,

Marahaba. Watu wote wazima. Mbuzi wa jirani kazaa mapacha. Chupa ya Mina imefika, ila aliifunika kwa karatasi, nayo iliwahi kukaa mafuta ya taa. Nimeiosha mara tatu. Mafuta nampa dereva wa basi kesho.

Mtu wako wa vipimo kafika. Alikuja Jumatano na mnyororo mrefu na vigingi, akaanza kuvipigilia kwenye uwanja wetu wa ngoma. Nilikuwa natoka kisomoni. Nikamwuliza, "Mwanangu, wapanda muhogo?" Akacheka, mtoto mwenye adabu yule, akasema, "Bibi, hapa patajengwa ghala la saruji." Nikamwambia, "Hapa ni pa ngoma, tangu mama yangu hajaota meno." Akasema, "Bibi, ngoma ya hapa haina watu. Imeandikwa." Nikamwuliza imeandikwa wapi. Akafungua faili lake akanionyesha karatasi.

Nimeiona karatasi. Nilichokiona humo sikisemi.

Jioni ile nikamwita Kitwana. Nikamwambia alegeze ngozi, azitungike ngoma zote kwenye kenchi za nyumba yangu, msondo, vumi na chapuo zote mbili. Akasema, "Mama Mkubwa, Ramadhani haijaingia, na Jumamosi ni vunja jungu." Nikamwambia, "Kiuno kinaniuma." Akasema kiuno ni changu, ngoma ni za wote. Nikamtazama. Akatafuta kamba.

Jumamosi zikaja basi mbili kutoka huko kwenu, zimejaa watu wa Kariakoo na Magomeni, wanawake wamevaa sare, wamejipaka wanja. Wakatukuta tumekaa barazani tunachambua mchele. Wakauliza, "Ngoma ipo wapi?" Nikawaambia, "Hakuna." Wakapanda basi zile zile, hata maji ya kunywa hawakununua.

Atakayekuuliza, mwambie ni kiuno. Na nakuuliza neno moja tu, weye uliyesoma: jedwali ni mnyama gani? Ana meno?

Mimi,
Mwanamvua binti Mosi


Magomeni, Dar es Salaam
16 Oktoba 1973

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Natumai funga inakwenda vizuri. Kwa mkono wa dereva utapata sukari ratili nne, tambi, na kanga doti moja ya Idi. Shangazi ameyapokea mafuta na anasema yananukia taa kidogo, lakini nywele hazijali.

Jedwali, Bibi, ni mistari tu na vyumba vyake, kila chumba na tarakimu yake. Halina meno. Na mambo ya ghala yameamuliwa na wakubwa, huko juu. Saruji lazima ipate pa kulala.

Kiuno chako je? Nauliza kwa sababu harusi ni Jumamosi tarehe 10 Novemba. Rafiki zangu wa ofisini wanakuja na basi. Nimewaambia watasikia ngoma ambayo hawajawahi kuisikia. Kitwana ananiambia hana la kusema mpaka wewe useme. Hata saa moja tu, Bibi. Hata nusu saa.

Nisalimie Zaina, kama unamwona.

Mjukuu wako,
Mrisho


Bagamoyo
6 Novemba 1973

Kwa Mrisho wa Magomeni, mwenye rafiki wengi wa ofisini,

Marahaba, na Idi imepita salama. Kanga nimeipokea, rangi nzuri, maneno yake sikuyapenda, nimempa jirani. Tambi tamu. Sukari imekwisha.

Sasa kaa kwenye kiti chako cha kuzunguka unisikilize.

Mfungo Mosi huu mji ulikuwa na harusi saba. Tatu zimeahirishwa. Nne zimefungwa kimya kama hitima, watu wamekula pilau wakaangaliana, wakaenda makwao kabla ya alasiri. Basi za Jumamosi zinakuja na watu sita, wanne wao wagonjwa wanaopelekwa kwa ndugu.

Alawi muuza nguo alikuja kwangu kanibebea tende. Tangu lini Alawi akatoa tende? Akakaa, akauliza kiuno. Nikasema kinauma. Akasema, "Binti Mosi, mwenzio nimeleta marobota manne ya kanga kwa sare za Mfungo Mosi. Nimeuza doti kumi na moja. Kumi na moja! Nilale na marobota kitandani?" Nikamwambia marobota hayakoromi, atalala vizuri. Akasema, "Kwani nani kakuudhi? Nikamwombe radhi mimi?" Nikamwambia aliyeniudhi haishi hapa, na tende zimekauka.

Fundi cherehani anashona viraka. Mama wa vikuba asumini zake zinaanguka chini bila mtu wa kuzivaa. Wale wa kijiji cha Fukayosi walileta kuku na kuni kama kila mwaka, wakarudi nazo, kuku wamekonda kwa safari. Hata mzee wa kahawa kanikasirikia, na yule tangu nimjue hajawahi kumkasirikia mtu ila mkewe. Watu wananiuliza mpaka kisomoni. Nasema kiuno. Mwalimu Natalia, kafiri wa watu lakini mwenye akili, akaniambia, "Bibi, hicho kiuno chako kina mshahara mkubwa kuliko wangu." Nikacheka peke yangu njia nzima.

Na yako sasa. Mwaija, mama mkwe wako mtarajiwa, kaja hapa mbio, kanga moja begani nyingine inaburura. Akaniuliza kama Jumamosi Kata Kiu wanapiga. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi Zaina wangu hatoki. Mwanangu wa pekee haondoki nyumbani kwangu kimya kama mzigo wa kuni unaopakiwa lori. Ngoma ikirudi, ndoa irudi." Nikamwambia ana haki yake. Kwa hiyo waambie rafiki zako wasipande basi.

Usinune. Harusi bila ngoma ungeiandika nini kwenye jedwali lako? Wameoana wawili, furaha hakuna?

Bado sijakusikia ukisema neno moja ninalolingoja. Nina subira, ila kenchi zangu si za chuma, na msondo mzito.

Mimi,
Mwanamvua binti Mosi


Magomeni, Dar es Salaam
15 Novemba 1973

Bibi,

Shikamoo. Barua hii sikuianza na salamu za watu, nisamehe.

Jedwali nililichapa mimi. Mahali palipoandikwa Bagamoyo nilipiga sifuri kwa watazamaji, sifuri kwa kiingilio, sifuri kwa mapato. Kisha mtu akatafuta kiwanja kisichotumika, akalisoma jedwali, akakipata. Hakuna mkubwa aliyeamua kitu huko juu. Walisoma nilichochapa.

Na nilijua si kweli. Mgongo ulionibeba nikilala katikati ya ngoma ile ni wako. Nilitaka kumwambia Bwana Ferdinandi kwamba Bibi hakulijibu swali, alilisuta. Lakini niliogopa. Yeye mtu wa bara, mkali kwa upendeleo, angesema karani huyu anapamba kwao. Nikanyamaza, nikapiga sifuri, nikajiona mwadilifu.

Juzi ameniita. Ana mezani hesabu ya ushuru wa soko la Bagamoyo. Akasema, "Mrisho, hapa kuna nini? Mafuriko hakuna, kipindupindu hakuna, na mwezi ambao miaka yote ushuru hupanda, mwaka huu umeanguka kama nazi. Wewe mwenyeji. Kuna nini?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, "Nitaulizia, Bwana."

Sasa naulizia. Nifanyeje, Bibi? Zaina hajibu barua zangu.

Mrisho


Bagamoyo
25 Novemba 1973

Kwa mjukuu wangu Mrisho,

Marahaba. Neno nililolingoja limefika. Limechelewa, lakini na basi nayo huchelewa na tunaipanda.

Zaina hajibu kwa sababu mama yake kaficha kalamu. Nimempa yangu. Utapata barua wiki hii, na usiionyeshe watu.

Wahenga wamesema mwamba ngoma huvutia kwake. Weye, mjukuu wangu, ndiye mwamba ngoma wa kwanza duniani kuvutia kwa jirani. Kusema kweli ya kwenu si upendeleo, mpumbavu weye. Upendeleo ni kusema uongo wa kwenu.

Na miye nina langu, nalisema mara moja, usiniulize tena. Karatasi aliyonionyesha mpima ilikuwa na mwandiko wangu. Ile H yangu yenye mguu mmoja mfupi, nikaijua kama mtoto wangu. Hakuna, hakuna, hakuna, wino umekolea. Nilikuwa nimejivuna kwa herufi na kujivuna kwa tunzo, na kwa kujivuna huko nikawapa watu uwanja wa mama yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Siku ile kiuno kiliniuma kweli.

Sasa kazi. Huyo Bwana Ferdinandi mwambie hivi. Ukitaka kujua ngoma inaleta nini usiniulize miye, miye nitakujibu kwa kiburi. Muulize Alawi ana marobota mangapi. Muulize kondakta viti vingapi vitupu. Waulize wa Fukayosi kuku wamerudi wangapi. Muulize fundi cherehani mara ya mwisho sindano ilimkatikia lini. Na mkienda hapo kwenu Kariakoo, waulizeni wauza viatu na wauza wanja wanawauzia kina nani kila Ijumaa, kabla ya basi za Jumamosi. Ngoma ni kama chumvi, hakuna anayeitaja mpaka siku haimo.

Idi ya kuchinja ikipita, nitazishusha ngoma kwa siku moja, ya harusi yako. Siku moja tu. Aje naye aone. Akiondoka na uwanja bado una vigingi, nazirudisha juu, na safari hii nakata kamba za kushushia.

Mke wako,
Mwanamvua binti Mosi


Magomeni, Dar es Salaam
18 Desemba 1973

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo. Wote hapa wazima, na Shangazi Mina ameshashona nguo ya harusi.

Nimemwambia Bwana Ferdinandi kila kitu, na jina lako, na kwamba jedwali lilidanganya kwa mkono wangu. Alilifunga faili la ushuru. Kisha akasema, "Kwa hiyo bibi yako amefunga mkoa mzima kwa kamba?" Nikasema, "Ndiyo, Bwana." Akasema anakuja. Ila ni mtu wa kanuni. Anasema atasimama kando kabisa na faili lake, ahesabu watazamaji kwa macho yake, asishawishiwe na mtu. Naomba mumwache asimame, Bibi. Tafadhali.

Wauzaji wa Kariakoo nimewauliza, na mengine yote uliyoyasema nimeyaandika, kurasa sita. Usiniulize nimeyapata lini.

Barua ya Zaina nimeipata. Sikuionyesha watu. Harusi Jumamosi tarehe 12 Januari, Mama Mwaija amekubali.

Mjukuu wako,
Mrisho


Bagamoyo
27 Januari 1974

Kwa Mrisho na Zaina, wanandoa wapya wa Magomeni,

Nawasalimu wote wawili. Zaina, kitanda hakilii? Kikilia mwambie arudishe kwa fundi, fedha ya mninga si fedha ya mwembe.

Mrisho, sikuuliza umezipata lini zile kurasa sita kwa sababu nilikuona. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, ulijificha nyuma ya marobota ya Alawi na daftari, miguu ikachungulia chini. Mguu wa ukoo wetu naujua. Ukaja mpaka mjini usinisalimie kwa aibu. Nimekusamehe, ila mara moja tu.

Zaina aliondoka na wanawake wake hakuona mengine, basi namweleza yeye.

Mwanangu, ulipopakiwa garini na vifijo, weye ukalia vizuri kama inavyopasa, miye nikamtafuta mgeni wetu. Nikamkuta kando kabisa, pembeni mwa kigingi, suruali imenyooka, faili kwapani, anahesabu. Midomo inakwenda: arobaini na moja, arobaini na mbili. Nikamwuliza, "Mwanangu, umewapata wangapi?" Akasema, "Bibi, nikihesabu mtu amesimama, namrudia namkuta anacheza. Nimeanza upya mara nne." Nikamwambia, "Endelea, hesabu ni subira."

Nikamkonyeza Kitwana. Kitwana akaja na msondo mpaka mbele yake, akaupiga ule mpigo wa kutembelea, polepole, unajua, ule unaoingia gotini kabla ya sikio. Bwana Ferdinandi akasimama kama nguzo ya simu. Kiatu cha kulia kikaanza. Akakitazama kile kiatu kama si chake. Mama yako Mwaija, hana haya yule, akaja na kanga akamfunga kiunoni, akamwambia, "Baba, huku kwetu asiyecheza ni polisi." Akasema, "Mimi si polisi, mama, ni wa mipango." "Basi panga miguu!"

Wallahi, Zaina, kumbe kiuno anacho. Kwao ziwani nako kuna ngoma, kakulia humo, faili ndilo lililomsahaulisha. Akazunguka uwanja mzima na mstari wa Kata Kiu. Mwisho akatoa noti ya shilingi kumi akambandika Kitwana kwenye paji. Nikamuuliza, "Hiyo ni kiingilio?" Akasema, huku anahema, "Bibi, hiyo ni tunzo." Nikajua amejifunza.

Siku ile basi zilikuja tano. Alawi kafungua robota la nne. Kuku wa Fukayosi hakuna aliyerudi. Mzee wa kahawa kaunganisha asubuhi na jioni bila kuzima jiko. Na jua lilipoanza kushuka, Bwana Ferdinandi akainama, kanga bado kiunoni, akang'oa kigingi cha kwanza kwa mkono wake. Vingine tulimsaidia. Nimevitia jikoni, vinawaka vizuri.

Jana barua yake imefika. Ghala la saruji linajengwa nyuma ya soko, palipokuwa na magugu, na uwanja umeandikwa uwanja. Mwalimu Natalia kanisomea mwanzo, nikamnyang'anya nikamalizia mwenyewe.

Ngoma zote zimeshuka. Kiuno kimepona, watu wote wameshangaa.

Ndani ya barua kulikuwa na fomu mpya. Safari hii wamekuwa na akili kidogo, wanauliza watu wametoka wapi, wamekuja na nini, wamenunua nini, na kuna mahali papana pa kuandika. Nimejaza kurasa zote mbili mpaka nyuma, na tunzo nimezitaja, ingawa mkono ulikuwa mzito. Wasanii wangapi? Sasa nimelielewa neno. Nimeandika: Watatu. Kitwana, mwamba ngozi, na Bwana Ferdinandi, huyu bado mwanafunzi.

Ila chini kabisa wameliacha lile swali lao la zamani, nadhani kwa kusahau. Nimeliangalia siku nzima. Nimewafikiria mmoja mmoja waliokuwa uwanjani siku ya harusi yenu, mmoja mmoja, mpaka dereva wa basi, mpaka yule mtoto mwenye adabu wa vipimo, aliyekuja kuchukua mnyororo wake akaondoka kashika upatu. Kisha nikachovya kalamu, nikaandika H yangu, safari hii miguu yote miwili sawa.

Watazamaji: Hakuna.

Bibi yenu,
Mwanamvua binti Mosi